Siku Kompyuta Yangu Ilipotangaza Msiba

Nina duka la steshenari mjini Same, karibu na soko, na mlango wake unatazama upande upepo unakotoka. Nikifungua asubuhi kazi ya kwanza ni kufuta vumbi kwenye printa. Natoa nakala, napiga picha za vitambulisho, nafunika kadi kwa plastiki, nawachapia barua watu wasiopenda kuchapa. Kwa sababu ya hiyo kompyuta ukoo wetu ulinifanya katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Sikuulizwa kama nataka. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, alisimama kwenye kikao huko kijijini kwao Vudee akasema, "Katibu ni huyu," watu wakapiga makofi, ikawa imekwisha.

Baba mkubwa ndiye aliyenilea. Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, na huyu kaka yake akanichukua mimi na sanduku langu la bati akatupandisha mlimani. Ni mtu mrefu, anapenda koti hata kukiwa na jua, na anapenda kusikilizwa. Akisimulia jambo huwezi kumkatiza. Sijawahi kumwita kwa neno pungufu ya baba.

Kazi ya katibu ni moja hasa. Mtu wa ukoo akifariki, mimi ndiye napigiwa simu, kisha mimi ndiye nawajulisha wengine: walioko Vudee, walioko hapa mjini, vijana walioko machimbo ya jasi Makanya, waliohamia Dar es Salaam, na wale wa upande wa pili wa milima, Maore. Kundi la mtandaoni halitufai, maana wazee wetu wengi wanatumia vitochi, simu ndogo zisizo na intaneti. Tunatumia meseji za kawaida. Nilikuwa nimejiunga na huduma inayotuma meseji moja kwa watu wengi kutoka kwenye kompyuta, lakini kila msiba nilitakiwa nichape upya, nipange namba upya, na mara nyingi nachapa huku nalia, maana hao wanaokufa ni watu wangu.

Ndiyo nikapata wazo la kuiachia akili mnemba.

Nilikuwa nimeshaizoea kwa kazi za duka. Ilinisaidia kupanga barua za wateja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yao. Baadaye nikaweka programu ya aina nyingine, ile ambayo haikuambii tu la kufanya bali inalifanya yenyewe. Unaieleza unachotaka, inaandika amri, na amri zinaendeshwa kwenye kompyuta yako hiyo hiyo: faili linafunguliwa, jingine linahamishwa, kitu kinasakinishwa. Kabla ya kila amri inasimama na kuomba ruhusa. Chini ya maneno yake panatokea sehemu mbili, ruhusu na kataa.

Mwanzoni nilikuwa makini kama mtu anayemkabidhi mgeni funguo za nyumba. Kila amri niliiuliza maana yake. Ilinieleza bila kuchoka, na nikielewa ndipo nabonyeza. Lakini amri zilikuwa nyingi, na wateja nao walikuwa wamesimama mbele yangu na vyeti mkononi. Nikaanza kusoma nusu. Kisha nikawa nasoma neno la kwanza tu. Mwisho jicho langu lilikuwa halitafuti tena maneno, linatafuta kile kitufe. Haikuwa imeniharibia chochote hadi siku hiyo, na mimi nililihesabu hilo kama uthibitisho.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nimeiambia hivi: nataka niandike jina la marehemu, mahali na siku ya mazishi, halafu ujumbe uende kwa wana ukoo wote bila mimi kuchapa upya. Nikaipa orodha ya wanachama, nikaipa na tangazo la msiba wetu uliopita ili ifuate maneno yale yale. Nikamalizia kwa kusema, "Hakikisha inawafikia wote."

Ikaanza kazi. Inaandika, inaomba ruhusa, naruhusu. Duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na dada mmoja mgeni, mfanyakazi wa shamba la mkonge, ambaye alitaka nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, na kulikuwa na mzee mmoja ambaye kadi yake ilikuwa ndani ya mashine ya plastiki ikitoka imejikunja. Nilikuwa nainyoosha ile kadi kwa mkono mmoja. Kwenye kioo pakatokea maombi mengine ya ruhusa. Nikanyoosha mkono wa pili, nikabonyeza ruhusu, nikarudi kwenye kadi ya mzee.

Muda mfupi baadaye simu yangu ikalia juu ya kaunta. Ilikuwa meseji. Iliandikwa kwamba wana ukoo wanatangaziwa kwa masikitiko kifo cha baba mkubwa, jina lake lote na jina la baba yake, na kwamba mazishi yatafanyika nyumbani kwake Vudee siku ya Jumamosi.

Ningependa kusema kwamba nilielewa pale pale. Sikuelewa. Mwili haukungoja akili. Nilikaa juu ya boksi la karatasi, nikaweka kiganja mdomoni, na kilio kikanitoka puani. Yule dada wa mkonge akapita nyuma ya kaunta bila kuuliza kama anaruhusiwa.

"Dada, kuna nini?"

"Baba yangu amefariki."

Akanishika kichwa akakilaza tumboni kwake. "Pole, dada yangu. Poleni sana." Yeye mwenyewe akaanza kulia. Baadaye alinambia wa kwake alifia mbali, Kigoma, na hakuwahi mazishi. Tukalia wote wawili, mzee wa kadi amevua kofia.

Nilipopangusa macho nikaisoma tena ile meseji, kama mtu anavyofanya ili aone kama imebadilika. Mwishoni palikuwa na maneno: Katibu wa Ukoo.

Katibu wa ukoo ni mimi.

Nikainuka, nikaenda kwenye kompyuta. Ile programu ilikuwa imetulia, imeandika kwamba kazi imekamilika na ujumbe umewafikia watu wote waliomo kwenye orodha. Nikapandisha maneno juu kidogo. Ile ruhusa niliyoitoa huku nikinyoosha kadi, juu yake iliandikwa kwa Kiswahili safi, si amri za kompyuta: "Sasa nitafanya jaribio. Nitatumia jina la kwanza kwenye orodha kama mfano, na nitautuma ujumbe kwa namba zote ili kuhakikisha unawafikia wote. Je, niendelee?"

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mwenyekiti. Nililiweka pale mwenyewe kwa heshima.

Nikachapa, vidole vinapishana: umetangaza kifo cha mtu aliye hai. Ikajibu kwamba inasikitika, kwamba ilipaswa kutumia jina la kubuni na kutuma kwa namba yangu peke yake, na kwamba iko tayari kuandika ujumbe wa kusahihisha. Ikaomba ruhusa. Safari hii nilisoma kila neno, nikaruhusu. Ujumbe haukwenda. Kifurushi changu cha meseji kilikuwa kimeliwa chote na ule wa kwanza.

Yule dada alikuwa bado amesimama, anajifuta kwa ncha ya kanga. Ilikuwa rahisi sana kumwambia. Sikumwambia. Nilimpa nakala zake, akasema atamwombea marehemu, nami nikasema asante.

Nilipiga simu ya baba mkubwa. Haipatikani, simu yake huisha chaji akasahau hata ilipo. Nikapiga ya mama mkubwa, inaita tu, yuko shambani kwenye maharage. Nikapiga ya mwinjilisti wa pale Vudee, ambaye naye ni wa ukoo, inatumika. Na wakati wote huo za watu wengine zinaingia. Wa kwanza kumpokea alikuwa binamu yangu wa Dar es Salaam.

"Dada, ni kweli?"

"Si kweli. Mzee yuko salama. Ni makosa."

"Makosa ya nani?"

Kinywa kilikuwa wazi na jibu lilikuwa hapo. Nikasema, "Ya mtandao."

"Hii mitandao," akasema, akavuta pumzi ndefu.

Baada ya kulisema mara moja, mara ya pili halikuwa na uzito. Nilikuwa nalisema kila ninapopokea simu. Mtandao umeleta matatizo. Ni mtandao, shangazi. Mtandao tu, kaka. Nikafunga duka nikaenda kutafuta gari la kupanda Vudee.

Kwenye gari nilimkuta shangazi, dada yao baba mkubwa, anayekaa hapa mjini. Nilikuwa nimeshamwambia kwenye simu kwamba si kweli. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na magotini ameweka mfuko wa unga.

"Shikamoo shangazi. Nimekwambia baba mkubwa hajafa."

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wangu. "Hata mimi alipofariki baba yako nilisema hivyo hivyo. Nilikataa mpaka nikaona jeneza."

"Shangazi, hajafa. Ni ujumbe umekosewa."

"Sawa, mama. Sawa." Akanipigapiga mgongoni. Mama mwingine mbele akageuka kunitazama kwa huruma. Njia nzima ya kupanda, gari linanguruma kwenye kona na bonde la Same linazidi kushuka chini yetu, watu wanne walinifariji kwa kifo ambacho nilikitengeneza mimi. Niliona nikisema zaidi nitaulizwa ninajuaje, na sikuwa tayari kwa hilo swali ndani ya gari.

Mambo yaliyotokea huko juu kabla hatujafika nimesimuliwa na baba mkubwa mwenyewe, na anayasimulia hadi leo. Mwinjilisti alipopata meseji hakungoja. Alikwenda kanisani akagonga kengele ya msiba. Baba mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Akasikia kengele. Akanawa, akavaa koti, akashika njia ya kwenda kumjua aliyefiwa. Kwenye kona ya mgombani akakutana na jirani mmoja, mama wa makamo, amebeba kuni kichwani za kupeleka msibani.

"Nani ametangulia?" baba mkubwa akamuuliza.

Yule mama akaangusha mzigo wa kuni, akakaa chini njiani.

Sisi tulipofika, uani kulikuwa kumejaa watu. Wengine walikuwa wanacheka kwa sauti ya watu waliookoka, wengine wamekaa kimya hawajui waondoke au wabaki. Baba mkubwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake. Shangazi alipomwona alimkimbilia akampiga kifuani kwa ngumi, kisha akamkumbatia. Mimi nilisimama nyuma.

Nikamsalimia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Umekuja kunizika na wewe?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Pole, baba. Mtandao umeleta makosa."

"Nimesomewa," akasema. "Tangazo lenyewe fupi. Hawakuandika hata kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Hawakuandika ile barabara tuliyoichimba kwa mikono. Mtu amekufa na Jumamosi anazikwa, basi?" Alikuwa anatabasamu, lakini nilimjua, na niliona kwamba neno hilo lilimuuma kweli. Nilitazama chini.

Mama mkubwa alishaweka sufuria ya makande motoni, maana huwezi kuwaacha watu waliokuja kwa ajili yako waondoke na njaa. Vijana wa Makanya wakafika na lori, wametoka machimboni hivyo hivyo, unga wa jasi umewakaa kwenye nyusi kama wazee. Kila kundi lililofika lilisimuliwa upya, na kila mara mtu alisema ni mtandao, na mara nyingine aliyesema nilikuwa mimi. Nilipewa kazi ya kugawa maji. Nilishukuru kuwa na kitu cha kushika.

Alasiri ndipo alipofika baba mdogo.

Huyu ni mdogo wao wa mwisho. Alihamia Maore zamani kulima mpunga. Bibi yetu alipofariki, yeye na kaka yake waligombana juu ya shamba la migomba alilowaachia, na kwenye kikao cha mwisho baba mdogo alisimama akasema mbele ya wote kwamba kwenye uwanja ule wa Vudee hatakanyaga tena ila siku ya kuzika. Na alikuwa mtu wa neno lake. Harusi zilipita, vipaimara vilipita, hakuja. Namba yake niliiacha kwenye orodha kwa sababu chama ni cha wote, lakini nilipokuwa napiga simu asubuhi ile sikumpigia. Sikudhani atakuja.

Alikuja kwa pikipiki, akazunguka milima yote kwa njia ya Kisiwani, akapita Same akapanda. Alishuka chini kidogo ya nyumba, kwenye migomba ile ile. Sisi tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anamwita kaka yake kwa Kichasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa lile jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia likitajwa na mtu. Analia na sauti imevunjika, anasema kaka ameniacha, kaka hakuningoja. Baba mkubwa akainuka kwenye kiti.

Akatokea. Amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, machozi yamechora njia mbili usoni. Akamwona kaka yake amesimama mlangoni amevaa koti.

Nimeona watu wengi wakipata habari mbaya. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipokea habari njema namna ile. Kwanza ulifunguka. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtoto. Kisha akawatazama watu wote waliokuwa wamekaa wanamtazama, makande mikononi, akakumbuka alichokuwa anasema kule migombani, na uso ukajifunga.

"Umenitega," akasema.

Baba mkubwa akasema, "Karibu, mdogo wangu."

"Ulijua nimesema nitakuja kuzika tu. Ukatangaza mazishi."

"Sikutangaza mimi. Ni mtandao, wanasema."

"Mtandao unalijua jina la baba yetu?"

Baba mkubwa akageuza kichwa kuwatazama watu, kana kwamba kuna mmoja atakayemsaidia. Mimi nilikuwa nimesimama baina yao, pembeni kidogo, na kikombe cha maji mkononi nilichokuwa nimekijaza kwa ajili ya mgeni. Ilikuwa ni sentensi moja. Ni mimi, baba mdogo, kompyuta yangu iliniuliza nikairuhusu bila kusoma. Niliiandaa mdomoni. Nikamwona shangazi, nikawaona wale wa kwenye gari walionifariji, nikamwona mwinjilisti, na wote hao nilikuwa nimeshawaambia jambo jingine. Sentensi ikakaa pale pale.

Baba mdogo akageuka akashuka. Shangazi alimfuata hadi kwenye pikipiki. Tulisikia ikiwaka. Hata maji hakunywa.

Baba mkubwa akarudi kwenye kiti. Jioni hiyo hakusimulia tena habari za zile kuni.

Nilikaa na jambo hilo dukani. Wateja walikuja na kwenda, na ile programu ilikuwa kwenye kompyuta kama kawaida. Niliifungua mara moja kusoma tena yale maneno: je, niendelee? Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka lawama na kila mara nilikuta nimesharuhusu. Haikunidanganya. Ilikosea, lakini iliniambia mapema kwamba itakosea na jinsi itakavyokosea. Mwenye kudanganya siku ile alikuwa mmoja.

Mwishowe nikafunga duka nikaenda Maore.

Baba mdogo nilimkuta ukingoni mwa mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, anaziba mahali maji yanapovuja. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Nilimwambia habari ya kompyuta, na orodha, na kwa nini jina la kaka yake lilikuwa la kwanza.

"Kwa hiyo mashine ilituma yenyewe," akasema.

"Haikutuma yenyewe. Iliniuliza. Nilibonyeza bila kusoma."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Sauti yangu ilisikika kama ya mtu mwingine anayesoma risala.

Akasimama sawasawa, akapangusa tope mikononi. "Na siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa na kikombe."

"Ndiyo, baba mdogo."

Aliyatazama maji yanavyopita. "Nilipokuwa kwenye pikipiki," akasema, "nilikuwa napanga nitakavyomwomba msamaha. Maiti haijibu ovyo. Nilikuwa nimeshapata maneno yote." Kisha akauliza, "Siku nyingine hiyo mashine yako ikinitangaza mimi, yeye atakuja?"

Nilisema atakuja. Nilisema haraka mno, na yeye akaona.

"Hujui," akasema. "Basi usiseme."

Alinipa mtu wa kunisindikiza hadi stendi. Hakunipa ujumbe wa kupeleka mlimani, na mimi sikuomba.

Kutoka hapo nikapanda Vudee. Nilimkuta baba mkubwa peke yake sebuleni, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikamwambia yote, pamoja na niliyoambiwa mferejini, isipokuwa lile swali la mwisho. Nilitegemea atafoka. Angefoka ningepata nafuu.

"Nilikuona umesimama," akasema. "Nilidhani umeshikwa na huruma." Akaongeza, "Ningelijua neno hilo siku ile, nisingemwacha ashuke. Ningemshika mkono nikamwambia ni huyu mtoto na mashine yake. Angecheka."

"Niliona aibu, baba."

"Najua." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Kweli alisema alikuwa amepanga maneno?"

"Alisema."

"Akayataja?"

"Hakuyataja."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kukaa nje.

Kwenye kikao cha ukoo kilichofuata nilisimama nikajieleza. Nilitaka kuuacha ukatibu. Walinikatalia, nadhani kwa sababu hakuna mwingine mwenye kompyuta, lakini waliamua kwamba tangazo lolote lisomwe kwa sauti na mtu wa pili kabla halijatumwa. Mtu huyo ni shangazi. Namsomea kwa simu, naye hurudia jina la marehemu polepole, na kila mara huuliza, "Una hakika huyu amekufa?" Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Anauliza kweli. Vijana wa Makanya ndio wanaodhihaki, wakinipigia wanaanza kwa kusema, "Katibu, mimi nipo hai, usinitangaze." Nacheka nao, na uso unawaka moto.

Ile programu bado naitumia. Inanipangia faili za duka na nyaraka za wateja. Inapoomba ruhusa nasoma neno kwa neno hadi mwisho, na mteja akiwa na haraka namwambia asubiri. Wengine wamehamia duka la jirani.

Mwaka huo haukwisha kabla mjukuu wa shangazi hajaoa hapa Same. Baba mdogo alikuja. Haukuwa uwanja wa Vudee, ulikuwa ukumbi wa mjini, kwa hiyo hakuwa amevunja neno lake. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaogawa chakula. Nilimwona akiingia na shati jeupe, akapita kwenye safu ya wazee anasalimia mmoja mmoja, na nikajua kwamba atafika kwa kaka yake, na wengi walijua, kwa sababu mazungumzo ya karibu yalipungua na macho mengine yalinigeukia mimi. Nikainamia sahani za wali.

"Shikamoo kaka," nikamsikia.

"Marahaba."

Hapakuwa na zaidi. Baba mdogo akaenda kukaa na watu wa Maore, upande wa pili wa ukumbi. Nilipofika kwa baba mkubwa na sahani yake, aliipokea, akaiweka mapajani, akatazama mbele kwa maharusi.

"Mdogo wangu ameshapata chakula?" akaniuliza.

"Bado, baba."

"Mpelekee kabla nyama haijaisha."

Nikampelekea. Sikumwambia ni nani aliyenituma.